Vyuma vya mzee visiuzwe kwanza

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, shemeji na watoto. Sisi wazima, baridi tu ndiyo imezidi. Mama Zuhura kaniambia lile sanduku la marehemu mzee unataka kuwapa watu wa vyuma chakavu: spana, taa ya reli, vyote kwa kilo. Nakuomba ungoje.

Jumamosi nilifika Rockhill Furnace, huku huku Pennsylvania, Marekani. Kuna reli ya makaa ya mawe iitwayo East Broad Top. Ilianza kujengwa 1872, ikawa inashusha makaa kutoka machimbo ya Robertsdale hadi Mount Union. Upana wake futi 3, nyembamba kuliko hata reli yetu ya zamani hapo Tabora, na pale Mount Union inakutana na reli pana. Unakumbuka mzee alivyokuwa akitusimulia Kidatu, mizigo inahamishwa kwa sababu upana wa reli yetu na wa TAZARA, ile ya kwenda Zambia, haulingani? Hawa behewa la reli pana walilinyanyua kwa kreni, wakatoa magurudumu yake, wakaweka ya reli nyembamba, likaendelea na safari. Mzee angeuliza maswali mpaka jioni!

Mwaka 1956 biashara ya makaa ikaporomoka, reli ikafungwa. Aliyeinunua, Nick Kovalchick, alikuwa mfanyabiashara wa chuma chakavu. Hao hao! Lakini hakuikatakata. Vichwa sita vya mvuke vikabaki bandani, na 1960 akaanza kupakia watalii. Baada ya 2011 treni zikasimama tena, wengine wakainunua 2020, na kichwa namba 16, kilicholala tangu 1956, kikarudi kazini 2023. Kilipopiga honi machozi yalinitoka, nikamwona mzee amechungulia dirishani.

Na karakana yao! Mashine zinazungushwa kwa mikanda inayoshuka kutoka darini, na spana ni kama zile zile alizotukataza kugusa.

Sasa niambie: wale watu wameshakupa hela? Wamekuahidi kiasi gani, nikutumie mimi? Daftari lake la safari lipo, au lilikwenda na yale mambo ya Kigoma? Taa bado ina kioo? Na sanduku liko ndani, au nje linanyeshewa? Nijibu kabla hawajaja na mzani wao.

Wako,
yule yule wa stesheni