Saa Yako Inapoteza Sekunde? Usikimbilie Kununua Osileta Mpya

Wateja wanaojiundia saa zao wenyewe hutuletea ombi moja kuliko mengine yote: wanataka osileta, yaani sehemu inayotoa mapigo ambayo saa huyahesabu, iliyo bora kuliko waliyo nayo. Ukiuliza sababu, utaambiwa saa inachelewa, na kwamba mwenzao mpenda elektroniki amewashauri wanunue osileta yenye tanuri ndani yake la kuishikilia kwenye joto moja, au waende moja kwa moja kwenye ya rubidi, inayotumia atomi za metali hiyo. Vifaa hivyo tunaviuza, na tunavipenda. Lakini kabla ya kupokea hela ya mtu tunamuuliza mambo matatu. Saa inapoteza kiasi gani? Kwa muda gani? Na umepima kwa kutumia nini? Ushauri wa wenzako mara nyingi ni wa kweli, ila ni wa kweli kwa saa yao, na saa yako huenda inaumwa ugonjwa mwingine kabisa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo kosa la sehemu moja kwa milioni ni sekunde 0.0864 kwa siku, yaani kama sekunde mbili na nusu kwa mwezi. Ukiniambia saa yako inapotoka dakika kadhaa kila siku, sihitaji hata kuiona ili nianze kushuku resoneta ya kauri, kipande cha kauri kinachotetema kutoa mapigo. Bodi nyingi za maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, huitumia badala ya kristali, na inaruhusiwa kukosea hadi nusu asilimia, ambayo kwa siku nzima ni sekunde 432. Iliwekwa pale iendeshe programu, haikukusudiwa kutunza wakati. Ongeza kristali ya kwatzi na tatizo limekwisha.

Anayepoteza sekunde moja au mbili kwa siku ndiye mwenye kazi ya kufikiri, na ndiye tunayekutana naye zaidi. Huyu tayari ana kristali ya hezi 32,768, namba iliyochaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na pigo moja kwa sekunde. Kristali hiyo imekatwa ili ifikie frikwensi yake, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde, inapobebeshwa mzigo maalumu wa kapasita (vijenzi vidogo vinavyotunza chaji ya umeme, ukubwa wake hupimwa kwa pikofaradi), na mzigo huo umeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kiwandani: pikofaradi 12.5 kwa nyingine, 9, 7 au 6 kwa nyingine. Wengi hufunga kapasita mbili za pikofaradi 22 kwa kuwa mchoro wa rafiki yao ulikuwa nazo. Tazama kinachotokea. Kapasita mbili zinazolingana, zikihesabiwa kama kristali inavyoziona, hutoa nusu ya moja, yaani 11. Njia za shaba kwenye bodi na miguu ya chipu huongeza pengine 3 au 4. Umeshavuka 12.5, na mzigo ukizidi, frikwensi hushuka na saa huchelewa. Ukiweka za 18 unapata 9, na ukijumlisha zile za bodi unakaribia kabisa palipotakiwa. Kama kristali yako ni ya pikofaradi 6, zile za 22 zinaweza hata kuizuia isiwake. Kapasita ni kitu kidogo sana, na mara nyingi ndiyo dawa yote.

Kisha kuna joto. Kristali hizi ndogo huwa sawa kwenye nyuzi 25 hivi za Selsiasi, na ukiondoka hapo, kosa hukua kwa mraba wa tofauti: takriban sehemu 0.034 kwa milioni ukizidisha kwa tofauti ya nyuzi, kisha tena kwa tofauti hiyo hiyo. Nyuzi kumi juu au kumi chini, saa inachelewa kwa sehemu 3.4 kwa milioni. Iwe baridi, iwe joto, inachelewa tu. Kwenye nyuzi 45 imeshafika 13.6, ambayo ni zaidi ya sekunde moja kwa siku.

Tuliletewa saa iliyokuwa safi kabisa mezani kwa mwenyewe, lakini ikifungwa ndani ya kisanduku chake kizuri cha mbao inaanza kuchelewa. Regyuleta ya volteji, ambayo hupata joto ikifanya kazi, ilikuwa upana wa kidole kutoka kwenye kristali, na tarakimu za taa zilikuwa zikiwaka kwa nguvu zote usiku na mchana. Mfuniko ukiwekwa, joto halina pa kutokea. Alikuwa amekwisha kushauriwa abadilishe kristali. Tulihamishia regyuleta nje ya kisanduku, tukapunguza mwanga wa tarakimu, na kristali ile ile ikabaki mahali pake.

Kwa saa ya ukutani ya kawaida, chipu ya kutunza wakati ya DS3231 inatosha. Kristali, kapasita na kipimajoto viko ndani ya kifuko kimoja. Hupima joto kila sekunde 64 na kujirekebisha. Kati ya nyuzi 0 na 40 haizidi kosa la sehemu 2 kwa milioni, sawa na dakika moja hivi kwa mwaka mzima, na ina rejista ya uzee, namba ya kufidia kristali inavyosogea ikizeeka, unayoweza kuisogeza kidogo kidogo, kila hatua kama sehemu 0.1 kwa milioni katika joto la kawaida. Angalizo moja ambalo naomba ulichukulie kwa uzito: moduli nyingi za chipu hii zina dayodi na rezista ya kuchajia betri. Ukiweka CR2032, ambayo haichajiwi, na ukalisha moduli volti 5, unailazimisha betri kupokea umeme isioutaka. Itavimba au itavuja. Ing'oe rezista ile kwanza.

Sasa upimaji, ambako ndiko wengi hupotelea. Ukigusisha ncha ya osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, kwenye mguu wa kristali umeongeza pikofaradi kumi au zaidi, kwa hiyo unachosoma ni frikwensi ya kristali pamoja na kifaa chako. Wakati mwingine kristali huzimika kabisa, na mtu anaamini ameiunguza. Pima kwenye mguu wa kutolea mapigo, baada ya chipu kuyakuza. Kumbuka pia kwamba kihesabu frikwensi kina kristali yake ndani, na kama hiyo nayo ina kosa la sehemu kadhaa kwa milioni, tarakimu zote nane kwenye kioo haziongezi ukweli wowote.

Njia tunayoipendekeza kwa kila mtu ni kipokezi cha GPS chenye mguu wa kutoa pigo moja kila sekunde. Usipime frikwensi, pima mwanya kati ya pigo la saa yako na pigo la setilaiti, uandike, na baadaye upime tena. Mwanya ukikua kwa milisekunde moja katika sekunde 1,000, kosa lako ni sehemu moja kwa milioni. Pigo la kipokezi lenyewe hutikisika kwa makumi ya nanosekunde, lakini mtikisiko huo haukui, kwa hiyo kadiri unavyosubiri ndivyo unavyoona vizuri zaidi.

Usitumie maandishi ya saa yanayotoka kwenye waya wa data wa kipokezi kama alama ya wakati. Hufika baada ya pigo, na huelezea pigo lililokwisha kupita. Karibu kila saa tunayoambiwa iko nyuma sekunde moja kamili ina kosa hili katika programu yake. Na ikiwa imepotoka sekunde kadhaa pale inapowashwa kisha ikajisahihisha yenyewe, iache. Wakati wa GPS uko mbele ya UTC, wakati rasmi wa dunia, kwa sekunde 18 tangu mwanzo wa 2017, na ujumbe kamili wa setilaiti, wenye taarifa ya tofauti hiyo, huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa.

Wapo wateja ambao kweli wanahitaji tanuri, na kwao tunasema wazi. Osileta ya tanuri ya megahezi 10 ni tulivu mno kwa sekunde na dakika, ila huzeeka na kusogea kwa miezi. GPS hutikisika kwa sekunde, lakini haipotei kwa miaka. Ndiyo maana viwili hivi huunganishwa, GPS ikiirekebisha osileta polepole, na kosa tunalolikuta ni mzunguko wa kurekebisha uliowekwa uwe wa haraka mno: osileta nzuri inalazimishwa kuiga mitikisiko ya setilaiti. Weka marekebisho yaenee juu ya mamia ya sekunde kwanza, na ukiwa na osileta nzuri, nenda hadi maelfu. Mwanafizikia David Allan alionyesha mwaka 1966 kwamba utulivu wa osileta hausemeki bila kutaja urefu wa muda ambao vipimo vilichukuliwa wastani, kwa hiyo mtu akikutajia namba ya utulivu bila muda wake, muulize muda.

Hapo pia angalia volteji ya kurekebisha, ile inayosogeza frikwensi ya osileta. Chukua osileta inayosogea sehemu 2 kwa milioni kwa volti 5. Milivolti moja tu inaisogeza kiasi cha kuleta mikrosekunde 35 kwa siku. Mkondo wa tanuri hubadilika chumba kinapopoa au kupata joto, na kama unapita kwenye waya mmoja wa ethi (waya wa kurudishia umeme) na volteji hii, milivolti hizo utazipata bila kuzitafuta. Waya wa ethi wa tanuri na ule wa volteji ya kurekebisha vitenganishwe hadi kwenye mguu wa osileta yenyewe.

Rubidi tunaiuza kwa anayejua anachokitaka. Inapata joto sana, inahitaji bamba la kupozea, taa iliyo ndani yake huchakaa, na hata yenyewe inabidi irekebishwe kwa kulinganishwa na kipimo kingine.

Ukileta saa kwetu tuipime, ilete nzima: bodi, chaja yake, kisanduku chake, na antena kama ipo. Bodi tupu mezani petu inaweza kuwa na afya njema kabisa wakati kosa limebaki kwako ndani ya mbao. Tunailinganisha na kipimo chetu huku tukirekodi joto, kisha tunakupa grafu ya mwanya na ya joto kwenye karatasi moja, pamoja na maelezo ya kipi kibadilishwe, hata kama jibu ni kapasita mbili tu. Ukituandikia kabla ya kuja, taja namba ya kristali na mzigo wake, na utume picha ya bodi pande zote mbili, iliyopigwa karibu kiasi cha kuonyesha njia za shaba kuanzia kwenye kristali hadi kwenye chipu.