Theluji ya pamba darasani Mtwara

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile taarifa yenu kuhusu "darasa la majira" imenishinda kunyamazia. Mliisifu shule ile ya mchepuo wa Kiingereza mkaweka na picha yake: ukutani majani ya karatasi yanayopukutika, kwenye kona mtu wa theluji aliyetengenezwa kwa pamba, na watoto wa darasa la kwanza wamevishwa skafu huku jasho likiwatiririka. Mwandishi wenu akauita huo ubunifu. Hakuwauliza watoto wale nje ya dirisha lao kuna nini.

Mimi nina mjukuu wa darasa la kwanza katika shule ya namna hiyohiyo hapa Mtwara. Novemba iliyopita alirudi nyumbani na karatasi ya maagizo: kila mtoto alete pamba, gundi na karatasi za rangi kwa ajili ya somo la majira ya mwaka. Mama yake akaenda duka la dawa, akanunua pamba ya kufungia vidonda. Wiki ileile watoto wakaambiwa wachore mwezi wa Novemba unavyokuwa. Mtoto akachora anachokijua. Alichora mkorosho, mabibo yake (yale matunda yenye korosho) mekundu na ya njano yametapakaa chini, bibi yake ameinama anaokota, na juu wingu jeusi, maana mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na kumbikumbi wametoka. Picha ikarudi imepigwa kosa kwa kalamu nyekundu, chini imeandikwa kwamba achore majani yanayopukutika na watu waliovaa makoti, kama ilivyo kitabuni. Akaniuliza, "Babu, kwani korosho tunazookota ni za mwezi gani?" Nilikwenda shuleni. Mwalimu wake ni binti mwenye adabu, akaniamkia, akanipa kiti, akasema, "Mzee wangu, kitabu ndivyo kinavyosema, na mtihani unatungwa kutoka humo." Simlaumu yeye. Nawalaumu waliokichagua kitabu hicho na wanaokikagua kila mwaka bila kuona shida.

Mtoto wa miaka sita hapa kwetu anaujua mwaka kabla hajajua kuandika jina lake. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, sawa na Lindi na Ruvuma, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huitolea utabiri wake mbali na ule wa vuli na masika wa mikoa ya kaskazini. Juni na Julai kusi inavuma, bahari inachafuka, samaki wanapanda bei, asubuhi watoto wanatetemeka kwa baridi, na hapo ndipo mikorosho inapochanua na vijiji vizima kunuka salfa inayopulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Ufuta unakuwa umeshavunwa. Mbaazi zinafuata. Oktoba mabibo yanaanza kuanguka, watu wanaokota, wananyofoa korosho, wanaanika, magunia yanapelekwa chama cha msingi cha ushirika, redio inatangaza bei ya mnada, na mtoto anajua kabisa kwamba bei ikiwa nzuri atapata viatu vipya vya kufungulia shule Januari. Humo mna hesabu, mna sayansi, mna kusoma na kuandika, na vyote vinamhusu yeye na watu wake. Halafu mtu mzima mwenye cheti cha ualimu anamwambia kwamba aliyoyaona kwa macho yake ni kosa! Mtoto akishaambiwa hivyo mara kadhaa ataacha kutazama. Atasubiri kitabu kimwambie kama mvua inanyesha.

Wala sisemi theluji isifundishwe. Theluji ipo hata nchini mwetu, kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, na mtoto aelezwe kwamba iko huko kwa sababu ya urefu wa mlima. Aelezwe pia kwamba Desemba Ulaya ni baridi kwa kuwa upande wao wa dunia umeinama mbali na jua, ilhali wetu umelielekea. Hilo ni somo. Kubandika pamba ukutani bila maelezo hayo si somo.

Na kwa kuwa nimeshaanza kuandika, niseme na hili la viwanja. Shule ya mjukuu wangu ilikuwa na miembe mitatu mikubwa. Imekatwa, uwanja mzima umemwagwa zege ili magari ya wazazi yapate kugeuza, na kwenye vyungu mlangoni wameweka maua ya plastiki. Mtoto akishika udongo anaambiwa akanawe. Sisi tuliosoma baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tulikuwa na shamba la shule, na tulijua siku ya kupanda na siku ya kupalilia kwa sababu majembe tulishika wenyewe. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unataka mtoto ajenge umahiri kwa kutenda. Atatenda nini juu ya zege?

Napendekeza hivi. Kila darasa la kwanza mkoani kwetu lipewe kijiti cha mita moja kisimikwe uwanjani, kopo tupu la maziwa ya unga, kamba, na mti mmoja wa kutunzwa na darasa hilo, uwe mkorosho au mwembe. Kila Jumatatu saa sita mchana wapime kivuli cha kijiti kwa kamba, wapime maji yaliyomo koponi, wautazame mti na kuchora walichokiona. Baada ya katikati ya Oktoba watakuta kivuli kimejificha chini ya kijiti, kwa kuwa jua linapita utosini kwetu, na Februari litapita tena. Kati ya hapo kivuli cha mchana kitalala upande wa kaskazini, na miezi mingine upande wa kusini. Michoro yote ibandikwe ukutani kuanzia Januari mpaka shule inapofungwa Desemba. Gharama yake haifiki bei ya pamba tuliyonunua. Pamba iliyobaki makabatini ipelekwe zahanati, kuna wanaoihitaji.

Na mwandishi wenu akitaka tena kuandika habari za madarasa ya majira, namwomba aje Mtwara mwezi Oktoba, minada ikiwa imeanza. Nitamtembeza mwenyewe.

Babu wa mwanafunzi wa darasa la kwanza,
Mtwara