Barua ya wazi kwa wazazi vijana: zamu ya upatu si tiketi ya Orlando

Wanangu wazazi vijana wa Columbus, Ohio, na miji ya jirani, ninyi mnaoniita shangazi, mnaoniita Bi Mkubwa, na ninyi mnaokumbuka kuniita kijumbe zamu zenu zinapokaribia:

Assalaam aleikum kwa wanaoitika hivyo, na Bwana asifiwe kwa wengine. Nilikusudia kuyasema haya kwa mdomo kwenye harusi ya mwezi wa saba, nikaona watoto wako mezani, nikayameza. Kuyameza kumenishinda.

Upatu wetu mnaujua. Watu kumi, dola 500 kila mmoja kwa mwezi, anayepokea anaondoka na 5,000. Hakuna karatasi, hakuna mwanasheria. Kuna neno la mtu, na kuna mimi. Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne kuushika. Kwa pesa hii mmoja wenu amesoma unesi, mwingine amemzika mama yake Muheza bila kupitisha bakuli, mwingine amenunua gari kuukuu likampeleka kazini miaka mitano. Mwezi wa kwanza mwaka huu binti mmoja alikuja kwangu usiku, akanishika mikono, akaomba apewe zamu ya kwanza. Gari limekufa, shangazi, nitapoteza kazi. Nikamwendea aliyestahili kupokea, mama anayepika maandazi alfajiri kabla ya kwenda kufagia maofisi, nikamwomba arudi nyuma hadi mwezi wa tisa. Akakubali. Hata hakuuliza sababu.

Mwezi wa tatu, likizo ya shule, nafungua simu. Namwona binti yangu, mumewe na watoto watatu, wamevaa fulana za kufanana, nyuma yao lile kasri la Disney World kule Orlando. Gari lao bovu nililipita asubuhi ileile nikienda kununua samaki. Lilikuwa palepale, magurudumu yamelala.

Nikajisemea, labda wamejaliwa, nisiwe na roho mbaya. Mwezi wa tano mchango haukuja. Wa sita haukuja. Wa saba simu ikawa inazimwa. Na kijumbe, kwa msiojua, ndiye anayeziba. Dola 1,500 zimetoka kwenye akiba yangu ya nauli ya kumwona dada yangu Tanga, ambaye miguu haimbebi tena. Sikuwa na namna. Mtu wa mwezi wa tano hakumkopesha yeyote kwenda kupanda mabembea; alikuwa anangoja haki yake.

Simtaji, na naomba msimtafute. Nimemchukua yeye kwa sababu deni lake limepita mlangoni kwangu. Nawajua wengine wanne ambao la kwao limepita kwenye kadi ya mkopo tu, kimya, na stetasi zao za WhatsApp zinaendelea kumeremeta.

Sasa msije mkasema shangazi ni mshamba, anachukia asichokijua. Nimekwenda. Mwaka 2017 kijana wangu mkubwa alinipeleka na wajukuu, kwa pesa aliyoiweka kidogokidogo miaka miwili. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Lakini kuna mahali pamoja palinikaba koo, na sijawahi kuwasimulia.

Mle ndani kuna bustani inaitwa Animal Kingdom, ilifunguliwa mwaka 1998, na ndani yake kuna kijiji cha kubuni cha pwani yetu. Jina lake Harambe. Herufi moja imepotea njiani, nadhani kwenye kuvuka bahari. Mbunifu wake mkuu, Joe Rohde, na wenzake walisafiri hadi Afrika Mashariki, wakatazama majengo ya Lamu, wakarudi Florida kuyajenga upya: kuta za chokaa, nyufa zilizochorwa makusudi, rangi iliyobanduliwa kwa mkono ionekane imepigwa na chumvi ya miaka mia. Mimi nilikaa Lamu utotoni, baba yangu alikuwa fundi wa mashua. Nikasimama pale na bilauri ya soda nikitafuta punda na harufu ya mtaro. Mjukuu wangu akanivuta kanga: “Bibi, they know your language!” Kwa Kiingereza. Hajui kusema “nimeshiba”, lakini alisoma “Karibu” ukutani akafurahi kama ameokota dhahabu. Lamu yenyewe UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, miaka mitatu baada ya ile ya Florida kuanza kukata tiketi.

Harambee, wanangu, ni nini? Wazee walivuta kamba kwa neno hilo. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta akaligeuza kuwa mwito wa taifa, na kwa mwito huo watu walichangishana senti wakajenga madarasa na zahanati. Ndiyo upatu wetu huu huu kwa jina kubwa. Na hapo ndipo hasira yangu inapopata kiti: mtu ametoboa harambee ya kweli, ya watu kumi wanaojuana, akaenda kuitazama ya plasta, akirudi na fulana yenye maneno mawili ya Kiswahili ambayo kampuni ya Disney iliyaombea alama ya biashara mwaka 1994 na kusajiliwa hapa Marekani mwaka 2003. Hakuna matata! Na nyuma ya fulana, kadi ya dola 6,000.

Ndiyo, maana ile 5,000 yangu haikutosha. Leteni kalamu. Dola 6,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, riba ambayo kwa kadi za nchi hii si kioja tena. Riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni 120. Ukijitutumua ukalipa 150, umepunguza deni kwa 30 tu. Ukiendelea hivyo utamaliza baada ya karibu miaka saba, na utakuwa umetoa zaidi ya dola 12,000. Mtoto wao wa mwisho ana miaka miwili. Siku zote nne alilala kwenye kigari. Atakuwa na miaka tisa, yuko darasa la tatu, mama yake bado anaulipia usingizi ule. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakuwa wameona matanga ya miaka saba.

Hamko peke yenu, hilo najua. Mwaka 2024 kampuni ya LendingTree iliwauliza watu waliowahi kwenda Disney, na katika wazazi wenye watoto wadogo asilimia 45 walikiri kuingia deni kwa ajili ya safari hiyo. Wengi wakasema hawajutii. Sina ugomvi nao. Deni lao liko benki, benki ina ngozi nene.

Wala sisemi kosa lote ni lenu. Disney World ilipofunguliwa Oktoba 1, 1971, mtu mzima aliingia kwa dola 3.50, na michezo akailipia kando. Fedha ile kwa thamani ya leo haifiki dola 30. Desemba 2025, siku za sikukuu, kuingia Magic Kingdom, ile bustani yenye kasri, kwa siku moja kulifika 199. Tulipokwenda sisi 2017 kulikuwa na utaratibu wa kujiandikisha saa yako ukaruka foleni, bure, maskini na tajiri. Ulianza 1999. Tangu 2021 kuruka foleni kunauzwa. Kwa hiyo usiye nacho unalipa kiingilio kilekile, halafu unasimama juani na mtoto mabegani ukiwatazama wenye nacho wakipita ubavuni. Wenye akili ya biashara wataita hilo huduma. Mimi nilipanga foleni za sukari za miaka ya themanini, najua mlango wa nyuma nikiuona.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayewaambia mnapokata tiketi. Nyumbani Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo. Hapa, katika nchi tajiri namna hii, hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri kukulipa hata siku moja ya mapumziko. Ninyi wengi mnalipwa kwa saa, kwenye nyumba za wazee na maghala. Wiki ya Orlando inakulia mara mbili: unatumia usichonacho, na hujaingiza kitu. Kisha unarudi, sanduku la barua limejaa bahasha za kadi mpya, umeidhinishwa, umeidhinishwa, hongera. Taifa zima limejipanga kumkopesha mtu asiyepewa likizo ili aende likizo. Na sisi tumo humohumo, tunapiga makofi. Ni nani kati yetu alimwandikia yule binti “na ninyi mna raha!” na ni nani alimuuliza gari likoje? Mimi mwenyewe nilimtumia moyo mwekundu. Kijumbe mzima.

Juzijuzi alikuja. Hakuja na pesa, alikuja na watoto, amepata zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee na Jumamosi na Jumapili yuko ghalani. Akaniambia, shangazi, shuleni wote walikuwa wamekwenda, sikutaka wangu wajione wanyonge. Nikanyamaza, maana hilo nalo ni la kweli na linauma, na mimi nilipomlea wa kwangu hapa niliwahi kununua viatu vya kodi ya nyumba kwa sababu hiyohiyo.

Lakini tangu siku hiyo watoto wanalala kwangu usiku nne kwa wiki. Binti yao ana miaka 11. Simu ya nyumba ikilia anaitazama namba, anajua kwa tarakimu tatu za mwanzo kama ni mdai. Anaipokea kwa Kiingereza safi: mama hayupo, sijui atarudi lini. Kisha anarudi kwenye hesabu zake. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema hakuna, amezoea tu.

Hili ndilo ninalotaka mlisikie, hata kama mengine mtayatupa. Mlikopa siku nne za kuwa na watoto wenu. Mnazilipa kwa mwaka mzima wa kutokuwa nao. Mama yuko zamu ya usiku, baba zamu ya mchana, wanapishana mlangoni wakiachiana funguo, na mtoto aliyenunuliwa furaha anakula ugali kwa mwanamke wa miaka 68 anayesinzia kabla ya isha. Mngebaki tu nyumbani siku hizo nne, bila kulipwa, mkalala pamoja sebuleni, mngekuwa mmewapa walichokitaka kwa sehemu ya kumi ya bei. Najua mtaguna. Guneni.

Mengine nayapitisha haraka, sina nguvu ya kuhubiri yote.

Mkitaka kwenda, nendeni, kwa pesa iliyokwisha kutimia. Msimwambie mtoto kabla haijatimia. Aliye chini ya miaka 3 haingii kwa tiketi, na aliyefika 10 analipa kama mtu mzima, basi pangeni kwa umri wala si kwa picha za jirani. Chakula bebeni, wanaruhusu. Pesa ya upatu ukiiombea gari, inunue gari. Na ndugu zetu mliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkaletwa hapa kwa nauli ya mkopo wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji: ule mkopo hauna riba, lakini ni deni, na ukiulipa vizuri unakujengea jina. Nimesikia mmoja ameacha kuulipa ili alipie hoteli yenye umbo la gitaa. Nimekaa chini niliposikia.

Na msije mkaniambia badala yake mtakopa muwapeleke watoto Tanga. Nauli ya watu watano hadi Dar ni mzigo uleule, na bibi kule hataki kuja kuambiwa kwamba kumbusu kwake kumewekwa kwenye kadi.

Nimepanga hivi. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu nitakuwa ufukwe wa Alum Creek, nusu saa tu kutoka mjini. Mchanga wake una urefu wa karibu mita 900, kuingia ni bure, maji hayana chumvi lakini yanalowesha. Nitachoma mishikaki. Mwenye ngoma alete, mwenye mpira alete. Watoto watafundishwa kuvuta kamba, upande huu Mrima, upande ule Bara, na neno la kuvutia watalitamka na herufi zake zote.

Mama wa maandazi atakuwepo, na zamu yake ya mwezi wa tisa ataipata kamili, hilo nimekwisha kulipanga. Binti yangu, na wewe njoo. Nimeongea na wenzako. Utaanza na dola 100 kwa mwezi, kwangu moja kwa moja, hadi 1,500 zitimie, na sitaki riba. Usizime simu. Na huyo mkubwa mlete, siku hiyo asipokee simu ya mtu.

Ni mimi shangazi yenu,
Kijumbe