Mihadhara ya historia ipelekwe FDC na maktaba, ila bila mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Mihadhara ya historia, fasihi na falsafa tunayoiita "ya umma" aghalabu hufanyika kwenye kumbi za vyuo vikuu na hoteli, asubuhi ya siku ya kazi. Saa hizo umma wenyewe uko sokoni na shambani. Kumbi za karibu nao zipo: maktaba za mikoa, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi (FDC) vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden. Leo vinajulikana zaidi kwa uashi na ushonaji, lakini havikukusudiwa kuishia hapo.

Kinachoua mihadhara ya mikoani ni itifaki. Tangazo linasema saa 10, mgeni rasmi anaingia saa 11, utambulisho wa meza kuu unakula nusu saa, kisha mhadhiri anaombwa afupishe. Mgeni rasmi asiwepo kabisa. Kiongozi akipenda kuja, karibu, akae na wenzake na aulize swali kama wao. Mkutubi au mkuu wa chuo amtambulishe msemaji kwa dakika 2, basi.

Tuchukue Kilwa Masoko. Magofu ya Kilwa Kisiwani, Urithi wa Dunia tangu 1981, yako ng'ambo ya mkondo tu. Mada isiwe "Historia ya Kilwa". Hiyo ni kazi ya muhula mzima. Iwe sarafu moja ya shaba ya Sultani Ali bin al-Hasan. Upande mmoja una jina lake, wa pili una maneno ya Kiarabu yasemayo kuwa anamtegemea Mola mwenye neema, na pande zote mbili zinaishia kwa kina kimoja: -an. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye mashairi hahitaji shahada kulisikia hilo. Kutoka hapo msemaji ataingia kwenye dhahabu ya Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, ziara ya msafiri wa Morocco Ibn Battuta mwaka 1331, hata sarafu za Kilwa zilizookotwa Visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944, ambazo zilifikaje huko bado ni ubishi. Picha ya sarafu ichapwe kwenye karatasi ya A1, kila upande na karatasi yake. Projekta haionekani vizuri kwenye ukumbi usio na mapazia, na umeme ukikatika mhadhara umekwisha.

Siku iwe Jumamosi, kuanzia saa 10:15 jioni, watu wakishatoka kuswali Alasiri, hadi saa 11:45, kabla ya Magharibi. Msemaji apewe dakika 35. Kwa mwendo wa maneno 110 kwa dakika, hayo ni maneno 3,850 tu. Makala ya kongamano ya kurasa 20 haienei humo, ndiyo maana wasomi wengi huishia kuisoma mbiombio huku viti vikihama. Mzee wa Kisiwani anayezijua habari za pale apewe dakika zake 15 kamili na posho sawa na ya mhadhiri. Kumwita aje "kunogesha" ni kumvunjia heshima.

Zinabaki dakika 38 za maswali, na hapo ndipo shughuli nyingi huharibika. Mwulizaji wa kwanza hugeuka mhadhiri wa pili, na wanawake na wanafunzi hawapati nafasi. Dawa yake ni vikaratasi na penseli kwenye kila kiti. Mkutubi avikusanye msemaji akiwa bado anaongea, aunganishe maswali yanayofanana, kisha maswali yapokezane: moja la mdomo, moja la karatasi. Kipaza sauti asiachiwe mwulizaji, mhudumu amshikie. Viti navyo, kama mnategemea watu 60, pangeni 40 na vingine viwekwe pembeni, maana safu tupu za mbele huwafanya wanaoingia wabanane mlangoni.

Kampeni ya elimu ya afya ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyofikia takriban watu milioni 2, iliwakusanya watu kwa vikundi kuzunguka redio; kipindi kikiisha, kijitabu kilifunguliwa na mjadala ukaanza. Mihadhara yetu haina kijitabu. Kila msikilizaji aondoke na karatasi moja iliyochapwa pande mbili: picha ya sarafu, tafsiri ya maneno yake, ramani ndogo, na majina ya vitabu 3 vinavyopatikana rafuni humo humo, si vya kuagiza Dar es Salaam. Msemaji akitaja kitabu ambacho maktaba haina, mkutubi amjulishe mapema abadilishe. Fomu za uanachama ziwe mezani siku hiyo hiyo, maana atakayeambiwa arudi Jumatatu harudi.

Mihadhara 4 kwa mwaka kwa kila ukumbi inatosha kuanzia. Kwa pwani, ukiangukia Ramadhani, usogezwe hadi baada ya tarawehe au uahirishwe hadi Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.

Mdau wa elimu ya watu wazima,
Lindi