Wageni wa kujitolea waje shule zikiwa wazi

Mhariri,

Agosti mwaka jana mwanangu wa gredi ya nne aliamka saa kumi na mbili, akavaa sare, akaniomba nauli. Nikamwambia shule zimefungwa. Akajibu kwamba mwalimu amewaambia warudi siku tatu, kuna wageni kutoka Ulaya wamekuja kuwafundisha na hawana watoto wa kufundisha.

Mimi ni mzazi hapa Likoni na ni mjumbe wa bodi ya shule hiyo, kwa hivyo lawama nyingine ni yangu. Sisi ndio tuliotia sahihi ule ubia wa kuletewa wageni wa kujitolea. Hakuna aliyefungua kalenda. Vyuo vya Ulaya hufunga Julai hadi Septemba, na sisi muhula wa pili huisha mwanzoni mwa Agosti. Kijana anayejitolea anafika kwenye likizo yake, ambayo ni likizo yetu pia. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumfundisha mtoto wakati wa likizo. Tukiwashika walimu wetu kwa masomo ya ziada ya kulipia, tunawapigia kelele. Mgeni akifanya hivyo hivyo, tunampikia pilau.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwaka 1991, hisabati nilifundishwa na Mmarekani wa Peace Corps, mpango wa serikali yao wa watu wa kujitolea. Hao hukaa miaka miwili. Muhula wa kwanza hatukuambulia kitu, lafudhi yake ilitupita juu ya vichwa. Muhula wa tatu tulikuwa tukimwigiza anavyosema "ekwesheni" na yeye anacheka. Mwaka wa pili ndipo aljebra ikaingia. Sasa huyu mgeni wetu wa wiki mbili, watoto wanaanza kumzoea ndiyo anaaga, na wiki moja kati ya hizo ameimaliza akipaka rangi ukuta. Ukuta wetu wa mashariki umepakwa buluu, manjano, kisha buluu tena. Choo cha wasichana bado hakina mlango.

Sisemi wasije. Kuna mama mmoja mstaafu, alikuwa mkutubi kwao, aliyekaa nasi wiki sita, Mei na Juni. Hakusimama mbele ya darasa hata siku moja. Aliketi na mwalimu wetu wa Kiswahili, wakapanga vitabu vilivyokuwa vimerundikwa stoo, wakaandika daftari la kuazima vitabu, wakachagua watoto wawili wa kulishika. Yeye alishaondoka, daftari bado linajaa. Upungufu wetu ni wa namna hiyo. Tangu 2023 shule za msingi zinabeba gredi ya saba hadi ya tisa, na watoto wanasoma sayansi kwenye madarasa yasiyo na hata bomba la maji. Mtu aliyesomea kemia akikaa na mwalimu wetu mwezi mzima, wakabuni majaribio ya chupa, siki na magadi, atatusaidia kuliko mikebe kumi ya rangi.

Na picha, jamani. Mtoto wangu nilimwona kwenye ukurasa wa mtu nisiyemjua, amekumbatiwa, chini yake maneno ya kuomba michango. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi. Mimi sikuulizwa.

Upande wetu nao umelala. Ubia ni wa wawili, lakini mwenzake mgeni hapa ni nani? Hapa jirani, Mtongwe, kuna walimu wastaafu wanaoshinda barazani wakicheza bao. Kuna vijana waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri kujiunga na vyuo miezi kadhaa maskani. Kila mgeni angepewa mmoja wao wa kufanya naye kazi, mgeni akipanda ndege kazi ingebaki na mwenyeji.

Bodi yetu inakutana Januari shule zikifunguliwa. Nitaomba tuwaandikie wale rafiki zetu wa ubia barua ya ukurasa mmoja: tarehe za mihula, somo tunalotaka, jina la mwalimu atakayefanya kazi na mgeni, na fomu ya idhini ya picha. Waje Mei au Juni. Wabebe na miavuli, maana Mei ni masika.

Mzazi, Likoni, Mombasa