Risala ya Wanachama na Wachezaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kukabidhiwa Jezi za Msimu Mpya, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa Wilaya na Shehia,
Wazee wetu wa timu,
Wachezaji, wapenzi na majirani,

Assalaamu alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima wa kukutana jioni hii. Tunakushukuru na wewe kwa kuitikia mwaliko wetu, maana tunajua ulikuwa na mialiko mingine, na timu iliyoshuka daraja haikimbiliwi na watu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala nyingi huanza na mafanikio. Yetu inaanza na daftari.

Msimu tulioshuka kutoka Ligi Kuu ya Zanzibar tulibadilisha makocha watatu. Kila tukifungwa, maskani inakaa, lawama zinamwangukia kocha, na kesho yake kocha anafunga begi lake. Mechi ya mwisho tulivuka kwenda Unguja na wachezaji kumi na watatu. Kipa wa akiba aliingia kipindi cha pili kucheza mbele, kwa sababu hakuwepo mwengine mwenye miguu mizima. Tulifungwa sita. Aliyetufunga mawili kati ya hayo sasa ni mchezaji wetu, yule pale nyuma anacheka.

Hapo ndipo wanachama walipoamua kuajiri Meneja Mkuu. Tulitaraji mtu wa mpira. Aliyekuja ni mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye kwa kauli yake mwenyewe hajawahi kucheza hata ndondo. Wiki nzima ya kwanza hakufika uwanjani. Alikaa katika chumba cha timu, chini ya feni isiyozunguka, akawa anaita watu mmoja mmoja na kuwauliza suali moja tu: "Unatudai nini?" Kisha anaandika. Mama anayetupikia chai na mihogo siku za mazoezi alikuwa anadai tangu Ramadhani. Dereva wa gari anadai, fundi wa nyavu anadai. Kipa wetu alikuwa amejilipia nauli ya boti mara nne na hajawahi kumwambia mtu. Daftari likafika nusu.

Kamati ikanung'unika: dirisha la usajili liko wazi, yeye anahesabu deni la mihogo! Siku ya kikao alikuja na kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, akatusomea kifungu kinachosema kuwa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15, na zikipita bila ya kulipwa, ana haki ya kuvunja mkataba. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, alisema, lakini njaa ya mchezaji haina uanachama. Halafu akatutazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyesahau kazi ya nyumbani: "Nyinyi hata huo mkataba wa kuvunjwa hamna."

Ilikuwa kweli. Wachezaji wetu wote walikuwa wanacheza kwa maneno ya mdomo. Ndiyo maana kijana aking'ara kidogo, timu ya ng'ambo inamchukua, na sisi tunabaki na picha yake ukutani.

Fedha za usajili za msimu ule zikaenda kulipa daftari na kuandika mikataba. Hakusajili jina kubwa hata moja. Alitukanwa sana, Mheshimiwa, na mimi ninayesoma risala hii ni mmoja wa waliomtukana.

Likaja suala la karafuu. Mzaliwa wa Pemba hahitaji kuelezwa: msimu ukifika, uwanjani hubaki kocha na koni zake. Makocha waliopita walikuwa wanapiga faini, na faini yenyewe hailipwi. Meneja akaenda shamba, akakaa juu ya jamvi pamoja na wachambuaji, akahesabu. Mchumaji analipwa kwa pishi, siku ile ile, mkononi. Timu ilikuwa inatoa posho mwisho wa mwezi, ikikumbuka. Akarudi akasema, "Hata mimi ningepanda mkarafuu." Tangu hapo posho hutolewa kila Alkhamisi baada ya mazoezi, mbele ya watu, na kila mtu anatia saini. Siku za uchumaji mazoezi ya viungo yamefutwa, kwa hoja kwamba aliyeshinda juu ya mkarafuu hana haja ya kuambiwa akimbie kuzunguka uwanja; anakuja saa kumi na nusu kugusa mpira tu. Msimu uliopita, katikati ya mavuno, nilihesabu wachezaji kumi na tisa mazoezini.

Kuhusu kutafuta wachezaji, Meneja wetu ana hadithi yake ya Leicester City ya Uingereza, ambayo wengine tumeshaihifadhi. Jamie Vardy alitoka Fleetwood Town mwaka 2012, akitokea mpira wa madaraja ya chini. Riyad Mahrez alichukuliwa Januari 2014 kutoka Le Havre ya daraja la pili Ufaransa. N'Golo Kanté akaja kutoka Caen mwaka 2015. Na msimu wa 2015/16 timu ile ikawa bingwa. Sisi tukatumwa Micheweni, Konde na Kengeja, kwa walimu wa michezo wa maskuli na kwenye mabonanza. Beki wetu wa kushoto tulimkuta Kojani akivuta nyavu. Jozi yake ya kwanza ya viatu vya mpira ilimchuna visigino, na kwa wiki mbili alikuwa anamuomba kocha amruhusu acheze pekupeku.

Kocha naye alipewa mkataba wa msimu mzima. Akapoteza mechi nne za mwanzo. Maskani ikachemka kama kawaida yake. Meneja alikuja pale barazani, akaomba kahawa, akatusikiliza mpaka tukamaliza, akasema, "Mkataba wake unaisha Juni," akanyanyuka.

Hatuji hapa kukupamba, Mheshimiwa. Hatujapanda. Tumemaliza nafasi ya tatu Daraja la Kwanza Kanda ya Pemba, pointi mbili nyuma ya waliotutangulia. Na liko jambo ambalo baadhi yetu hatujamsamehe: mfanyabiashara mmoja alitaka kutuletea washambuliaji watatu na kuwalipa yeye mwenyewe, Meneja akakataa, akisema mchezaji humsikiliza anayemlipa. Pengine ana haki. Lakini mabao ya watu watatu yangetutosha kwa pointi mbili.

Ligi Kuu tunaitaka. Tulikuwepo uwanja wa Amaan, Unguja, Januari 2024, tuliobahatika nauli, Mlandege ilipoifunga Simba 1-0 na kulibakisha nyumbani Kombe la Mapinduzi kwa mwaka wa pili mfululizo. Yule beki wa Kojani alikuwa pamoja nasi. Njia nzima ya kurudi, boti ikiyumba katika mkondo wa Nungwi, hakutapika wala hakunyamaza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni machache. Tunaomba makocha wetu wawili wa vijana wasaidiwe kwenda mafunzo ya leseni, kwani anayetaka kucheza mashindano ya Afrika huulizwa makocha wenye vyeti na timu ya vijana kabla ya kuulizwa mabao. Tunaomba pia uzio wa uwanja wa mazoezi. Ng'ombe wanaokata uwanja wakati wa mazoezi tunawajua wenyewe, tumezungumza nao, na ng'ombe wanaendelea kupita.

Katika daftari limebaki deni moja tu, la gari, na hilo tutalilipa wenyewe kabla ya msimu kuanza; tusingependa ulibebe wewe. Ila Meneja ametuagiza tukujulishe utaratibu wake: ahadi yoyote itakayotolewa jioni hii itaandikwa humo humo, kwa jina na tarehe, katika safu ya tunaowadai. Daftari liko mezani mbele yako, na kalamu iko ndani yake.

Naomba kuwasilisha.