Bibi hakuwa mama wa nyumbani

Leipzig, Januari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama Mdogo naye shikamoo, pamoja na wote mtakaokaa kusikiliza ikisomwa. Mimi mzima. Theluji ipo, lakini koti ninalo na kazi ninayo, tuliache hilo.

Hela ya kaburi nimetuma jana, euro 450, ataipokea Shangazi kwenye simu yake. Sitaki nionekane mkono wa birika. Ila kuna mambo mawili yamenikaa rohoni tangu mazishi ya Bibi Oktoba, na kwa kuwa wewe ndiye kitinda mimba uliyeachiwa nyumba na kihamba, shamba la ukoo, nakuandikia wewe, kwa heshima zote.

La kwanza ni ule wasifu wa marehemu uliosomwa msibani. Nimeuangalia kwenye video mara tatu. Kuzaliwa 1923, ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto tisa, wajukuu, vitukuu, hadi vilembwe. Halafu msomaji akasema, "Marehemu alikuwa mama wa nyumbani," akafunua ukurasa mwingine. Miaka 101 imekwisha hapo.

Baba Mdogo, nani aliandika maneno hayo? Mama wa nyumbani wa mibuni 212? Najua kadi ya chama cha ushirika ilikuwa na jina la Babu. Babu tulimzika 1974, na baada yake hakuna msimu ambao kahawa ya nyumba ile haikufika kwenye mizani. Chama kikuu chenyewe cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, KNCU, kiliandikishwa 1933, Bibi akiwa msichana wa kuchota maji. Kikavunjwa 1976, kikarudishwa, yeye bado anaanika. Mkataba wa kahawa wa dunia ulipoanguka 1989 na bei ikaanguka nao, kuna vihamba vilivyogeuka vichaka na vingine vikapandwa nyanya. Yeye alipogoa, akaweka samadi, akangoja.

Wajukuu wa mjini walikuwepo msibani, na nasikia kuna aliyeuliza kwa nini vidole vya Bibi vilikuwa vimepinda vile. Basi asomewe hapa.

Bibi alichuma tunda lililofika rangi ya damu ya mzee, si jekundu la kuanza. Bichi likichanganyika linatoa uchungu kwenye kikombe, na lililokaukia mtini alilitenga liwe buni, kahawa inayokaushwa na ganda lake. Mbuni mmoja aliurudia kila baada ya siku kumi au kumi na nne, msimu mzima. Jioni ileile matunda yanamwagwa kwenye ndoo ya maji. Yanayoelea yanaondolewa, maana ndani yake punje ni pungufu au imeliwa na mdudu. Kisha mashine ya kumenya. Kahawa ikilala kwenye gunia bila kumenywa inapata joto na kuanza kuchacha ndani ya ganda, na harufu hiyo haitoki tena hata uoshe vipi. Kabla ya kumenya anapitisha konzi moja ya kujaribia: punje zikitoka zimechubuka, mashine imebana mno, matunda yakipita mazima, imelegea. Kurekebisha skrubu zile hakumwachia mtu.

Baada ya hapo ni kuvundika, kwenye lile sanduku la mbao, juu limefunikwa gunia. Hapa ndipo Machame, huko kwetu mlimani, inapotofautiana na tambarare. Julai na Agosti, kwenye ukungu, ulenda, ule ute unaoshika punje, unachukua siku tatu kuachia. Novemba, jua likirudi, siku mbili. Bibi hakuhesabu kwa saa. Alizamisha mkono akafinya: punje zikiteleza kama bamia, bado, zikikwaruzana kama kokoto, osha. Ukipitiliza usiku mmoja inatoa uvundo, na ndoo moja iliyovunda inaharibu gunia zima.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili sijamsikia mtu akilisema msibani. Kahawa iliyoiva kwenye sanduku haingoji, ikiwa tayari inaoshwa. Na Jumapili Bibi alikuwa kanisani kabla ya kengele ya pili. Kwa hiyo miezi ya baridi hakuchuma Alhamisi, kwa sababu kahawa ya Alhamisi ingetaka kuoshwa Jumapili. Miezi ya joto hakuchuma Ijumaa. Mvua ikitishia, matunda yakianguka, majirani wakichuma, yeye Alhamisi yuko anapalilia maharage. Tulipokuwa wadogo tuliona ni ukaidi wa uzee. Alikuwa amepanga wiki nzima kuizunguka Jumapili, na alifanya hivyo tangu enzi za utoto wenu ninyi. Mkimwandika kuwa alikuwa mwaminifu, andikeni hilo, maana "alipenda sana kanisa" huandikwa kwa kila marehemu.

Kwenye kichanja alitandaza unene wa vidole viwili, si zaidi, na kugeuza tangu asubuhi. Jua la saa sita alifunika, ganda lisipasuke; jioni alifunika tena kwa ajili ya umande. Siku ya kumi na mbili hivi anamenya punje moja kwa kucha na kuiuma. Jino likiacha alama, kesho tena. Gunia tatu kwa mwaka mzuri. Debe la kwanza lilikwenda kwenye mnada wa mavuno kanisani, na kuna mwaka alilinunua mwenyewe kwa bei ya juu ili lisiuzwe kwa aibu.

Hapa mjini kwetu ndiko walikotoka wale wamisionari waliofika Machame 1893. Nyumba ya misheni ipo hadi leo. Madukani kuna pakiti imeandikwa Kilimanjaro, gramu 250, euro 9. Robo kilo hiyo iliyokaangwa imetoka kwenye matunda karibu kilo mbili, yaani nusu ya ile ndoo ndogo ya bluu ya Bibi. Niliinunua, nikawaonjesha wenzangu kazini (nimepewa mkataba wa kudumu, mwambieni Mama) na nikawaeleza inavyooshwa. Walinisikiliza kama mwalimu. Usiku nikafungua pakiti ili ninuse tu.

La pili ndilo zito. Nimesikia kwenye kundi la simu kwamba mibuni inang'olewa yote kupisha maparachichi. Sikuambiwa, nimesikia. Parachichi silikatai, lipandwe mpakani, kule juu. Lakini lile ni mti mkubwa, likipandwa katikati litakula mwanga wa migomba na kila kilicho chini yake. Nasikia unasema mibuni imezeeka. Ni kweli, juu imezeeka. Mizizi haijazeeka. Mbuni mzee haung'olewi, unakatwa.

Mwezi huu na ujao, kabla masika hayajaanza Machi, kateni sabini tu, theluthi moja, ili mwaka huu mizani isikose kitu. Iliyobaki mwakani na mwaka unaofuata. Tumieni msumeno, si panga. Panga linapasua shina na mdudu bungua anapata mlango. Urefu sentimita 30 kutoka ardhini, mkato wa mshazari, maji ya mvua yateremke. Ukikata bapa, maji yanatuama na kisiki kinaoza. Acheni tawi moja la kupumulia mpaka machipukizi yatoke. Yatatoka mengi, kumi na zaidi, na kosa la wengi ni kuyahurumia yote. Yakifika urefu wa rula chagua mawili au matatu yenye nguvu, yasiyobanana, mengine ng'oa kwa mkono. Samadi debe moja kila kisiki, kwa duara, mbali na shina. Katikati pandeni maharage, mwanga utakuwepo. Mwaka wa tatu mnachuma. Penye mapengo chukueni miche ya Lyamungu, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, inayohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, ile ya zamani ilimmaliza Bibi kwa dawa ya mrututu na bomba la mgongoni.

Kwa hiyo naomba kaburi lichukue euro 250. Sementi iliyosuguliwa vizuri inatosha; marumaru zile nyeusi zinateleza. Euro 200 iwe ya msumeno, samadi na kijana wa kukata. Kwenye jiwe, chini ya jina lake, mwandikeni MKULIMA WA KAHAWA. Herufi zikizidi bei, nitaongeza.

Anzeni kukata mstari wa kando ya mfongo, ule mfereji wa maji, ndiyo mikongwe. Ule mbuni wa mlango wa jikoni, ambao alikuwa akitundikia kanga yake ya kanisani ikauke, msiuguse. Desemba nakuja, niukate mwenyewe.

Wasalimieni wote. Aika, asanteni.

Mjukuu wenu